Oili ya Heshima

Watu wa Kiegeani, kijiji cha kisiwani, wakitaka kutoa mfano wa mtu mwenye hasira humtaja Mwanamkuu binti Sudi, na humtaja wakicheka, kana kwamba hasira ni kitu alichozaliwa nacho, kama kengeza. Hakuna anayejisumbua kuuliza hasira hizo zinatoka wapi. Basi zielezwe hapa, maana mwaka huu mwanamke huyu alikasirika kwa haki yake kabisa, na watu walicheka vilevile.

Mwanamkuu ana pikapu. Si ya mume. Mume alikwenda zake Kilwa siku nyingi na mke mwingine, na salamu zake hazijafika tena. Ni pikapu ya dizeli, nyeupe iliyofifia, na imetoka kwenye mwani. Kwa miaka mingi mwanamke huyu alishuka pwani kila maji yanapotoka, kamba begani, akainama akifunga mwani fundo baada ya fundo, chumvi ikimla vidole, jua likimpiga mgongoni na kumrudia machoni kutoka majini. Magoti yalianza kumuuma kabla hajafika makamo. Siku alipoinunua pikapu alizikata kamba zake zote kwa kisu, akawagawia wenzake vigingi, akasema miguu yake haitaingia tena baharini ila kwa kuoga.

Tangu hapo kazi yake ni kubeba. Samaki na pweza kutoka pwani kwenda mjini Kilindoni, na akirudi barafu, saruji, magunia ya unga, na yeyote aliyekosa usafiri. Anaendesha mwenyewe, mtandio kaufunga kiunoni, dirisha wazi, na mwenye bodaboda akimkatia njia vibaya humpa maneno yake hapo hapo. Vidole vilipona, vikawa vidole vya mtu. Pikapu ikifa, anarudi majini. Hilo alilijua yeye, na kijijini hakuna asiyelijua.

Ndiyo maana kwake jambo la oili halikuwa mchezo.

Kwa wanaume wa pale, injini ni mashine ya boti. Wameijua tangu utotoni, pistoni moja inayodunda mpaka unaisikia kifuani, na inakunywa oili nzito ya namba arobaini, ile inayopimwa kutoka kwenye pipa dukani kwa Mbaraka, Kilindoni. Wanayo na namna yao ya kuichagua. Mtu hutia tone kwenye kidole gumba, akalisugua kwa kidole cha shahada, akavuta. Likivutika uzi, huitikia kwa kichwa: hiyo ndiyo oili. Lisipovutika, hupangusa mkono kwenye msuli aliojifunga na kusema hayo ni maji ya kunawia. Kilichoandikwa kwenye galoni hakimhusu mtu. Kidole ndicho kadhi.

Mwanamkuu hakutaka ukadhi wa kidole. Alimuuliza Sadock, fundi wa kutoka bara aliyekuja na watu wa barabara akabaki na gereji yake Kilindoni. Sadock akamweleza kwamba injini yake ina turbo, na turbo ni feni ndogo inayozunguka kwa kasi ya ajabu, ikilainishwa na oili inayopita kwenye kitundu chembamba. Oili nzito, alfajiri injini ikiwa imelala, huchelewa kufika huko, na feni huzunguka kavu. Atie 15W-40 ya dizeli: namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi, ya pili inavyokuwa ikishapata moto. Atazame nyuma ya galoni, herufi C ni ya dizeli na S ni ya petroli. Na kubwa kuliko yote, isizidi alama ya juu kwenye kijiti cha kupimia. Mwanamkuu hakumwamini hivi hivi. Alimuuliza dereva wa hoteli moja ya Utende, akapewa namba zile zile. Akafungua boneti, akaisugua kwa mate ile karatasi ya kiwandani iliyobanduka nusu, akazikuta namba zenyewe zimeandikwa. Hapo roho ikatulia.

Roho ilitulia, lakini midomo ya watu haikutulia. Mara ya kwanza alipokwenda kwa Mbaraka kuulizia oili hiyo, wanaume waliokuwa wamekaa kwenye kreti za soda walimtazama kama mtu aliyeomba nyama ya nguruwe. Mbaraka mwenyewe akamwambia kwa upole, ule upole unaoudhi, kwamba oili nyembamba ni ya magari ya Dar yanayotembea kwenye lami, huku kisiwani kuna mchanga na joto, panataka kitu kizito. Mwanamkuu akamwambia ikichemka ni arobaini kama hiyo ya pipa lake, tofauti iko alfajiri, na yeye Mbaraka anaipima kwa kidole ikiwa baridi dukani, sasa atajuaje? Wakacheka. Mmoja akasema shemeji kasoma. Tangu siku ile aliagiza galoni zake Dar, zikaja kwa boti kutoka Nyamisati zikiwa na lakiri zake, mihuri ya vifuniko, hazijaguswa, na watu wakaibatiza ile oili jina, wakaiita uji wa mgonjwa.

Hayo aliyavumilia. Uji wa mgonjwa ulimpeleka Kilindoni na kumrudisha, injini ikiimba sawasawa, moshi hauonekani. Mtu akimcheka, alipiga honi akapita.

Sasa kuna desturi moja ya watu wa kwao ambayo lazima ijulikane, kwa sababu ndiyo iliyoleta msiba. Ukiazima chombo cha mtu, hukirudishi kikavu. Ukiazima sufuria, unairudisha na kipande cha boga au kiganja cha mchele ndani. Ukiazima mtumbwi, unaacha samaki wawili watatu kwenye ngama, pale chini ndani ya chombo. Na ukiazima boti ya mashine, kabla ya kuirudisha unaitilia oili. Hupimi. Mashine za boti zile huvuja na kula oili kama zilivyo, hata ukizidisha, zitatema zenyewe. Kinachotazamwa ni kwamba hukurudi mikono mitupu. Wanaita hiyo oili ya heshima, na mtu asiyeitia huandamwa na maneno mpaka kwa wajukuu.

Mwezi wa kabla ya kufunguliwa mwamba wa pweza, binti yake Mwanamkuu, Umi, aliyeolewa Dar, alikaribia kujifungua. Mama ilimbidi aende. Pikapu aliiacha kwa kaka yake mkubwa, Abubakari, nahodha mwenye boti yake, mtu anayesifiwa kila msikiti kwa ukarimu. Kumnyima kaka ufunguo ni jambo lisilosemeka. Alimpa, akamwambia mbele ya mashahidi kwamba gari atumie, dizeli atie, lakini oili asiguse. Ikipungua, galoni lake liko chumbani chini ya kitanda, limefungwa, oili ni hiyo na si nyingine. Abubakari akamjibu kwamba yeye ameshika mashine tangu Mwanamkuu hajaota meno, aende zake akamtazame mtoto.

Mjukuu alizaliwa salama. Mwanamkuu akarudi siku moja kabla ya kufunguliwa mwamba, na hapo palikuwa na kazi ya kufa mtu. Kijiji kilikuwa kimeufunga mwamba wa pweza kwa miezi ili pweza wakue, na siku ya kufunguliwa, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, ikipwa mbali, kila mwenye miguu hushuka na kijiti chake. Mnunuzi alikuwa Devota, mwanamke wa bara anayesimamia kukusanya pweza kwa ajili ya kampuni moja ya kugandisha. Devota ni mtu wa maneno machache. Alikuwa amemwahidi Mwanamkuu mzigo wa siku hiyo, na mzigo ukifika Kilindoni barafu haijayeyuka, basi na msimu mzima ni wake. Usipofika, liko lori la watu wengine linalosubiri.

Abubakari alikuja kumpokea bandarini Kilindoni na pikapu imeoshwa inang'aa, matairi yamepakwa weusi. Mwanamkuu akamwamkia, akaitikiwa, akauliza habari ya gari kabla ya habari ya watu. Kaka akamwambia oili ipo, tena imejaa, ameitunza kuliko mwanawe. Mwanamkuu alichoka, alikuwa na mizigo, na alifurahi. Njiani alisikia injini ina sauti ya uzito, kama mtu anayeongea na chakula mdomoni, na akajiambia ni mchanga, ni mzigo, ni masikio yake yaliyojaa kelele za Dar.

Asubuhi pwani ilijaa watu. Pweza walitoka wakubwa, mtu akimnyanyua mmoja, mikia yake minane inaburuta mchangani. Wanawake walipiga vigelegele, Devota akapima, vijana wakapakia matenga na barafu juu yake mpaka pikapu ikakaa chini kwa nyuma. Mwanamkuu akaingia, akasoma bismillahi, akatia gia ya kwanza kuupanda ule mchanga laini unaotoka pwani kwenda barabarani.

Alikanyaga mafuta. Gari likapanda, likaanza kuzama, akazidi kukanyaga. Halafu akaachia mguu, na injini haikuachia. Ikaendelea kupanda sauti peke yake. Akatoa gia, sauti ikazidi. Nyuma kukatoka moshi wa buluu mzito uliowafunika wanawake wa vigelegele wasionekane. Akazima ufunguo. Ufunguo ukazimika, taa zikazimika, na injini ikapiga kelele zaidi, mlio ambao hajawahi kuusikia maishani mwake, kama kitu kinachochinjwa kisikubali kufa. Watu wakakimbia. Mtu mmoja akawa anamwita atoke, litalipuka.

Hakutoka. Alikumbuka jambo Sadock aliwahi kumwambia kwa kupita tu, wakinywa chai: injini isiyozimika hunyongwa kwa gia. Akakanyaga breki kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote za lile goti bovu, akatia gia ya tano, akaachia klachi ghafla. Pikapu ikarukaruka, ikatetemeka mpaka matenga mawili yakaanguka, ikakata roho.

Palikuwa kimya hata mawimbi yakasikika. Mwanamkuu akashuka, akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, imepita nusu ya kijiti, imepanda karibu na pale anaposhika kwa vidole. Nyeusi, nzito, inavutika uzi. Oili ya pipa.

Aliuliza nani katia oili humu, na aliuliza kwa sauti ndogo, ambayo kwa wanaomjua ni mbaya kuliko ile kubwa.

Aliyejibu wa kwanza alikuwa shangazi yake, Bi Biubwa, bibi aliyekwisha kupita makamo, aliyekaa kwenye ndoo yake ya pweza. Akajibu kwa furaha, kama mtu aliyesubiri kuulizwa. Walikwenda na gari mazikoni Baleni, akasema, na yeye mwenyewe alimtuma mtu kwa Mbaraka akaleta chupa nzima, ile nzito ya bei, isije ikasemwa watu wa marehemu hawana adabu. Wa pili alikuwa mzee wa harusi iliyokwenda Kirongwe, na harusi ikaenda mara mbili, basi wakatia mara mbili. Wa tatu watu wa saruji ya madrasa. Kila mmoja akasimama na kutoa hesabu ya heshima yake, hakuna aliyejua la mwenzake, na nyuso zao zilikuwa za watu wanaongoja kushukuriwa. Wa mwisho alikuwa Abubakari. Yeye alitia kila alipoazima, na alfajiri ile ile alikuwa amekuja na chupa ya kurudishia, akaimimina dada yake akiwa bado yuko kwenye mswala.

"Nilisema msiguse oili," Mwanamkuu akasema.

"Hatukugusa," Abubakari akajibu, na alikuwa anashangaa kweli. "Galoni lako liko chini ya kitanda, hata lakiri haijavunjwa. Mali yako hatukuigusa. Tumetia ya kwetu."

Hebu tazama mtego huo. Kama wangemwibia, angepiga kelele, na kijiji kingesimama naye. Kama wangeivunja pikapu kwa ulevi, angekwenda kwa mwenyekiti. Lakini walimuua kwa adabu, chupa baada ya chupa, na aliyeanza ni dada wa baba yake, mwanamke aliyemlea yeye baada ya mama yao kufa. Mtu gani atamgombeza Bi Biubwa kwa kutoa kitu chake? Hasira zilimpanda, zikakosa wa kumshukia. Alisimama pale na kijiti mkononi, oili ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Devota alikuwa tayari yuko kwenye simu. Alipokata alimwendea, akamwambia bila ukali, "Mama Umi, pole. Pweza hasubiri." Lori likaja, matenga yakahamishwa, vijana wale wale waliopakia wakapakua, na msimu ukaondoka mbele ya macho yake ukielekea Kilindoni.

Sadock alikuja jioni kwa pikipiki. Alifungua boliti ya chini, oili ikatoka ikajaza beseni, ikajaza ndoo, ikajaza na sufuria ya Bi Biubwa iliyoletwa mbio, na bado ikawa inatoka. Akaeleza kwa ufupi. Oili ilipozidi, injini iliichapa ikawa povu, povu likapanda kwenye bomba la pumzi na kuingia inakoingia hewa, na injini ya dizeli haichagui, ikipata oili inaichoma kama dizeli. Ilikuwa inakunywa damu yake yenyewe, ndiyo maana ufunguo haukuizima. Injini ataiokoa, akasema. Turbo imekwisha, na kabla ya hapo ilikuwa imeshaanza kulika kwa kuzunguka kavu kila alfajiri. Mpaka ipatikane nyingine, gari halitembei.

Kilichofuata ndicho kilichomkasirisha kuliko moshi wenyewe. Watu walikuja kumpa pole. Walikaa kwenye mkeka wake, wakanywa kahawa yake, wakasema ni kudra, ni mipango ya Mungu, gari lilishaandikiwa. Mwanamkuu alinyamaza siku ya kwanza. Siku ya pili aliwaambia Mungu hakumimina oili, waliomimina anawajua na majina yao anayo. Wakatazamana, wakatabasamu. Mwanamkuu huyo, na hasira zake.

Halafu Abubakari akatoa fatwa yake, si mbele ya dada yake, bali barazani, palipojaa watu, ikamfikia kabla chai haijapoa. Alisema kilichoiua pikapu ni ile oili nyembamba. Miaka yote injini imekunywa uji wa mgonjwa, imekuwa dhaifu. Ilipopata chakula cha kweli ikashindwa kukibeba. Wao walijaribu kuiokoa, lakini walichelewa. Na watu wakaona ni maneno ya mtu anayejua mashine.

Mwanamkuu alipoambiwa hayo alikuwa anapepeta mchele. Aliuweka ungo chini polepole. Akaingia chumbani, akalitoa galoni chini ya kitanda, akalitazama, lakiri yake nzima, akalirudisha. Alilia kwa hasira, na anayelia kwa hasira hapati nafuu ya kulia.

Mwezi uliofuata alirudi majini.

Wenzake walimpa kamba, wakampa vigingi vyake vya zamani, na hakuna aliyesema neno, jambo ambalo alilishukuru. Alivaa suruali ya zamani chini ya kanga, akainama. Fundo la kwanza vidole vilikuwa vimelisahau, la kumi vikalikumbuka, na kabla ya bamvua kwisha vilikuwa vimepasuka vyote. Usiku alivipaka mafuta ya nazi na kuvifunga vitambaa. Magoti hayakuhitaji kukumbushwa. Pikapu ilisimama uani imefunikwa turubai, na kila asubuhi alipita karibu yake na kamba begani bila kuitazama.

Abubakari, kwa upande wake, alikuwa amemsamehe. Ndivyo alivyowaambia watu: dada yangu ana ulimi, lakini damu ni damu, nimesamehe. Na kuonyesha kwamba hana kinyongo, alimwambia mwani wake ukiwa tayari achukue boti yake kuusombea, hana haja ya kukodi, mafuta yamo. Mwanamkuu alikuwa amesimama maji yakiwa mapajani aliposemeshwa hayo. Akakubali. Akasema ahsante, kaka, na wanawake waliokuwa karibu wakageuka kumtazama, maana sauti ilikuwa ndogo.

Akausomba. Mwani wake ulikuwa mzuri, mizigo ikaja mpaka pwani, akautandaza ukauke. Boti akaiosha kwa maji, akaikausha kwa dekio, akaacha samaki kwenye ngama kama inavyotakiwa. Halafu akapanda nyumbani, akarudi na galoni.

Wanaume walikuwa wamekaa pale pale penye kivuli cha boti, Abubakari katikati yao akisimulia jambo. Walimwona anaingia majini na galoni kichwani, na hawakuelewa mpaka alipokuwa ameshapanda. Alipiga goti lake moja juu ya ubao, goti lile bovu, akavunja lakiri, ikasikika inavyokatika. Akaweka galoni pembeni. Akashika kifuniko cha oili cha mashine ya kaka yake, akakizungusha, akakitoa, akakiweka mfukoni.

Abubakari alisimama. "Unafanya nini?"

"Nairudisha boti," Mwanamkuu akasema. "Sitaki kuirudisha kavu."

Akanyanyua galoni kwa mikono miwili, vitambaa vya vidoleni vikiwa bado vimelowa, akaliinamisha juu ya tundu. Abubakari aliingia majini na msuli wake, akaanguka, akainuka, mtu mzima anayesifiwa kila msikiti anakimbia kama mwehu, na alipofika hakumshika dada yake mkono. Aliziba tundu la mashine kwa kiganja chake. Alikuwa anahema. Maji yalimtoka kwenye ndevu.

"Usitie," akasema. "Mashine hii ina oili yake. Huwezi ukaitilia mashine ya mtu kitu usichokijua, Mwanamkuu, utaniua, mimi naishi kwa hii."

Galoni lilikuwa bado limeinama. Oili ilifika mdomoni mwa galoni, ikasimama hapo, rangi ya asali, safi. Mwanamkuu alimtazama kaka yake, akakitazama kile kiganja kilichobana tundu mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Kumbe unajua," akasema.

Kule pwani hakuna aliyecheka, kwa mara ya kwanza. Mwanamkuu akasubiri, akampa nafasi ya kusema lolote, na alimpa nafasi ndefu kuliko aliyopewa yeye. Kaka hakukiondoa kiganja.

Basi akakitoa kifuniko mfukoni, akakiweka juu ya ubao palipo karibu na mkono wa kaka yake. Akafunga galoni lake, akalitia kichwani, akashuka majini na kupanda zake nyumbani, ambako mwani ulikuwa unangoja kugeuzwa kabla jua halijazama.